Kumi na Saba Nyuma

Fremu nilikuwa nayo tayari.
Ya baba mdogo Chavala, nyeusi, ndefu, chuma kisichopenda utani.
Miaka kumi na minne ilipanda na madumu ya ulanzi kutoka Kalenga,
povu likifukuta kwenye vizibo.
Nimelinusa bomba la juu: bado lina harufu ya mianzi.
Au ni pua yangu inayotaka iwe hivyo.

Fundi Luhwago wa Mlandege aliigeuza miguu juu,
akachungulia mdomo wa nyuma, pale ekseli inapokaa.
"Umelala," akasema. "Afadhali.
Ungekuwa wa kusimama, mnyororo ungelegea
na usingekuwa na pa kuuvutia."
Hilo ndilo neno jema pekee alilonipa siku hiyo.

Maana nilipomwambia sitaki friwili
aliweka spana chini.
"Hutaki kupumzika, binti?"
Sitaki.
"Hata ukishuka Ipogolo?"
Hasa nikishuka Ipogolo.
Akamwita jirani yake muuza kandambili, aje asikie.

Rimu nilizipata Mashine Tatu, kwa Sikitu,
chini ya rundo la viti vya watoto na pasi zilizokufa.
Moja ya Japani, moja haijui kwao.
Ya tatu ilipozunguka ilikwenda upande, ikarudi, ikaenda tena,
nikairudisha rundoni kabla hatujazoeana.
Spoku nilizigonga kwa kucha, moja moja, zote thelathini na sita,
kama mama anavyong'ata punje ya hindi
kabla ya kukubali kwamba limekauka.

Tandiko jembamba.
Usukani nimeukata kwa msumeno,
upana wa mabega yangu na si zaidi,
nipite kati ya bajaji mbili bila kuomba radhi.
Pedeli za chuma, zenye meno,
na mikanda niliyoshona kutoka begi la shule.

Lakini ni meno ya gia yaliyoninyima usingizi.
Mbele arobaini na nne, hapo sikuwa na ubishi.
Nyuma je? Kumi na sita zimejaa kila duka.
Nikapiga hesabu kwa mkaa, ukutani, jikoni:
kwa kumi na sita, kila nikilibana gurudumu kwa miguu
tairi litalika pale pale, sehemu nne tu,
kama kizingiti kinavyolika katikati.
Kumi na saba haigawanyiki.
Kumi na saba inalisambaza deni mpira mzima.

Nilisubiri wiki tatu.
Ikaja na basi kutoka Makambako,
imefungwa kwa gazeti, jina langu limekosewa,
na bado ni friwili, hai, yenye ulimi wake.

Luhwago alivaa miwani nyeusi.
Kabla ya kuichomelea akaizungusha kwa kidole:
tiki-tiki-tiki-tiki.
Sauti ile ya baba mdogo akirudi usiku,
tuliyoitambua kabla ya mbwa,
tukaruka kitandani kutazama kama ameleta maandazi.
Kisha cheche.
Kisha ikazungushwa tena, na haikusema kitu.

Nilidhani nitafurahi.
Nilitoka nje nikanunua karanga.

Breki ya mbele aliifunga bila kuniuliza.
Sikuifungua.

Juni, saa kumi na mbili na nusu, Gangilonga imevaa ukungu,
masikio yanauma.
Mteremko wa Ipogolo nilikuwa nikiuita wa bure.
Si wa bure.
Kila mita naikanyaga, nayo inanikanyaga,
magoti yanakimbizwa na gurudumu, siwezi kusema basi.
Baba mdogo alishuka hapa miguu imetulia, sigara mdomoni,
ulanzi ukimsukuma mgongoni.
Hakuwahi kutuambia barabara hii ni ndefu kiasi gani.
Pengine hakuwahi kuipima.

Kwenye daraja la Ruaha Mdogo nilisimama, nikashika chuma cha ukingo.
Mapaja yalikuwa bado yanazunguka, yenyewe.
Nikageuka kuutazama mji, kule juu nilikotoka.

Sasa kupanda. Meno yale yale.